Mama Cornelia na Baa Iliyokuja Kupigwa Dawa

Cornelia aliwapikia mapadre kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wa Mpunde walidhani alizaliwa jikoni kwao. Alikuwa mjane, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya, na mtu ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka. Ukimsimulia kichekesho alikutazama tu, hadi ukaanza kujisikia kama umekuja kuazima sufuria.

Mwaka wa operesheni ya vijiji, kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani zilisogezwa kando ya barabara ya kwenda Laela, na Cornelia naye akahamia pamoja na wenzake. Kijiji kipya kilikuwa na kila kilichotakiwa. Kulikuwa na halmashauri, shamba la pamoja, darasa la elimu ya watu wazima, na duka la ushirika lililouza chumvi siku ambazo chumvi ilikuwapo. Mwenyekiti wake, Polikarp, alipenda sana maendeleo, na aliamini kwamba kijiji kisicho na baa ni kambi tu. Alilisema hilo katika kila mkutano, hata ule wa kuchimba vyoo, mpaka halmashauri ikachoka na kukubali. Vijana wakafyatua matofali na kuyachoma, bati likaletwa kutoka Sumbawanga, na nyumba ikasimama.

Ubishi ukaja kwenye kumpata msimamizi. Wanaume wote waliojitolea walikuwa na sababu ileile ya kujitolea, na kila mmoja aliijua ya mwenzake. Mwishowe mzee mmoja akasema, mbona yupo Cornelia, ambaye amekaa miaka yote hiyo karibu na divai ya misa na haijapungua. Hakuna aliyeweza kulipinga hilo. Cornelia akakabidhiwa ufunguo, kifungulio cha chupa, na meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.

Aliiendesha baa kama alivyoendesha jiko la mapadre. Waliolewa aliwaamuru wakanawe uso. Waliogombana aliwatenganisha, huyu akae pembe hii, yule pembe ile, kama watoto wa katekisimu. Padre mwenyewe alikuja siku ya kwanza akanyunyiza maji ya baraka, akaondoka na soda. Watu hawakusema wanakwenda baa. Walisema wanakwenda kwa Cornelia, na mambo yakaenda vizuri hadi Mwalimu Flavian alipojitolea kuandika kibao.

Flavian alifundisha darasa la watu wazima na kuongoza kwaya. Alikuwa na rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka milango ya kanisa, na hakupenda kitu kikae bure. Akachukua ubao, akaandika BAA kwa herufi kubwa ambazo mtu angeziona kabla hajamaliza kona ya barabara, kisha akaugongelea juu ya mlango.

Sasa, katika darasa lake alikuwamo Mzee Leonsi, mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote. Msimu ule ndio alianza kuunganisha herufi, na tangu hapo alisoma kila kilichoandikwa. Alisoma viberiti, magunia ya mbolea, na kopo la dawa ya ng'ombe, tena kwa sauti. Pombe yake ilikuwa ya ulezi, aliyopikiwa na mkewe nyumbani, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuingia kwa Cornelia. Alasiri moja akitoka darasani alisimama mbele ya nyumba ile, akainua uso, akasoma be, akasoma a, akasoma a nyingine. Akarudia akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea.

Neno lile alilifahamu. Alipokuwa kijana aliwaona nzige wekundu wakipanda kutoka bonde la Rukwa, wakafunika jua, wakala mtama, wakala ulezi, wakala hata majani ya paa la nyumba ya shangazi yake, na wakubwa wote walikuwa na jina moja la jambo hilo: baa. Kanisani nako aliombwa kila mwaka apige magoti kumsihi Mungu awaepushe na baa la njaa na baa la magonjwa. Na sasa serikali ya kijiji imejenga nyumba ya bati na kuliweka ndani. Mzee Leonsi akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaiacha barabara na kuzungukia nyuma, katikati ya bustani ya maharage.

Maharage yale yalikuwa ya Cornelia, na Cornelia mwenyewe alikuwa humohumo anapalilia.

"Shikamoo, Mzee Leonsi," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona unanikanyagia maharage?"

Mzee alimwangalia kwa huruma. "Mwanangu, wewe hujui kusoma?"

"Najua."

"Basi zunguka mbele ukasome walichokuandikia."

Cornelia alimweleza kwamba baa ni mahali pa kunywea bia, na ndivyo panavyoitwa mpaka Sumbawanga mjini. Mzee hakubisha. Alisema Mwalimu ni msomi, na kama msomi ameandika baa juu ya mlango basi anajua alichokiona ndani. Akaendelea na safari yake, akikanyaga kwa uangalifu, lakini akikanyaga. Siku iliyofuata alipita na wanafunzi wenzake, wazee kwa bibi, wamefuatana mstari mmoja, na haukupita muda mrefu njia ikawa imechongeka katikati ya maharage, pana na laini, hata mbuzi wakaanza kuitumia.

Cornelia alimfuata Flavian na kumwambia alitengeneze alilolifanya. Mwalimu akaandaa somo. Akawaeleza wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha yenye utajiri, maneno mawili yanaweza kuvaa shati moja, na dawa yake ni kuangalia neno linalofuata. Baa hii ni ya kunywea. Baa hili ni la kukimbia. Darasa zima likarudia kwa sauti, baa hii ya kunywea, baa hili la kukimbia, mpaka watu waliokuwa njiani wakasimama kusikiliza. Kisha Mzee Leonsi akanyoosha mkono, akauliza mtu atajuaje ikiwa kibao hakikuandikwa hii wala hili. Flavian akasema hilo ni somo la wiki ijayo. Maharage yakaendelea kukanyagwa.

Mambo yalikuwa hapo alipofika Bwana Yunusu. Alikuwa ofisa wa kuzuia nzige, mtoto wa familia ya wafanyabiashara Waislamu wa pale Sumbawanga, kijana nadhifu mwenye haraka, aliyezunguka vijijini na Landrova kuulizia dalili za wadudu kabla hawajaota mabawa. Yeye hakuwahi kuingia kwenye nyumba ya pombe, na neno baa kichwani mwake lilikuwa na maana moja tu, ileile ya Mzee Leonsi. Alimkuta Polikarp barabarani, na kwa kuwa jua lilikuwa linazama, aliuliza maswali yake bila kuzima injini.

Polikarp, kwa upande wake, alikuwa Mfipa ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha adabu. Kiongozi akisema hii, yeye alisema hii. Kiongozi akisema hili, yeye alisema hili.

"Ndugu Mwenyekiti, katika kijiji chako kuna baa lolote?"

"Lipo moja, Bwana."

Yunusu alitoa kalamu sikioni. "Lilianza lini?"

"Baada ya mavuno ya mwaka jana. Tulilianzisha wenyewe, kwa nguvu za wananchi."

"Mlilianzisha?"

"Halmashauri ilipiga kura. Na padre alikuja kulibariki."

Yunusu alimtazama ili aone kama anataniwa, lakini uso wa Polikarp ulikuwa wa mtu anayetoa taarifa ya maendeleo. Akauliza limeathiri watu gani. Polikarp akajibu kwamba ni wanaume karibu wote, na wanawake wachache, hasa Jumapili baada ya misa. Akauliza kama limefika mashambani. Polikarp akakiri kwa aibu kidogo kwamba wapo watu wanaolipeleka shambani kwenye chupa, ingawa wamekatazwa.

"Na mmechukua hatua gani?" aliuliza Yunusu, sauti yake ikiwa imeshuka.

"Tumeomba liongezewe chumba cha pili."

Wanaojua wanasema kijana wa watu hakuwa mjinga. Alijua kwamba nzige wakikaangwa wanaliwa, na kwamba wako wanaowapenda. Akajenga picha yake: kijiji kizima kinafuga nzige kwenye nyumba ya bati, kinawabeba kwenye chupa kwa ajili ya kitoweo, na sasa kinataka kupanua mradi. Hakulala Laela kama alivyokusudia. Alirudi Sumbawanga moja kwa moja na kutoa taarifa kwa wakubwa wake.

Jumamosi yake, wakati kwa Cornelia kumejaa, Landrova mbili ziliingia Mpunde. Wakashuka vijana wenye mabomba ya dawa mgongoni na vitambaa puani. Alikuwamo pia mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Shida, dada mrefu mwenye miwani, ambaye kazi yake ilikuwa kusema upepo utawapeleka nzige wapi. Tena alikuwamo Zenon, mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu, aliyekuwa anakwenda likizo kwao Mwazye na aliomba tu lifti, bila kujua kwamba gari hilo linapitia vitani. Yunusu alimuuliza mwanamke aliyekuwa kisimani, baa liko wapi. Mwanamke akaonyesha nyumba ya bati kwa kidevu, kwani mikono ilikuwa imeshika ndoo.

Vijana wa mabomba wakaizunguka nyumba. Cornelia akatoka mlangoni akijifuta mikono kwenye aproni.

"Mama, shikamoo," alisema Yunusu kwa upole. "Tafadhali toka humo. Tumekuja kuliangamiza baa."

Cornelia aliwahesabu vijana kwa macho, akaangalia mabomba, akaelewa kwamba kuna mtu amemsengenya wilayani. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti, akatandaza aproni magotini kama mtu anayejiandaa kuchambua mchele.

"Mkiliangamiza," alisema, "hawa watu jioni nitawapeleka wapi?"

"Mama, wewe umeshalizoea. Hiyo ndiyo hatari yake."

"Nalisafisha kila asubuhi. Nalifungia kwa kufuli. Halijamdhuru mtu asiyelifuata mwenyewe."

Yunusu aligeuka kumwangalia Shida kwa msaada, lakini Shida alikuwa anaangalia mawingu. Ndani, wateja walisikia habari ya kuangamizwa, na kila mmoja akaamua kivyake kuokoa mali ya umma kwa njia aliyoiweza. Ilisikika milio ya chupa kufunguliwa, mmoja baada ya mwingine, kwa kasi ya watu wanaozima moto. Polikarp alifika anakimbia, koti la mkutanoni amelivaa ndani nje, akitangaza kwamba kijiji hakijakataa ukaguzi, lakini kingeomba kikaguliwe bila dawa.

Aliyewaokoa ni Flavian, aliyekuwa anatoka mazoezini na waimbaji wake. Alisikiliza pande zote mbili kidogo tu, akashika kichwa. Kisha akasimama katikati kama mbele ya kwaya na kuuliza, "Bwana Yunusu, wewe unatafuta baa hii au baa hili?"

"Hili," alisema Yunusu.

"Na wewe Mama Cornelia, unalo baa hili?"

"Mimi ninayo hii," alisema Cornelia. "Hili nililisema kwa sababu yeye alikuwa analisema, nami sikutaka kumsahihisha mgeni."

Yunusu akawaashiria vijana washushe mabomba. Ndipo mvua ikashuka, mvua ile ya Ufipa ya mwezi wa tatu isiyomsubiri mtu aokote viatu, na wote wakajikuta ndani, wataalamu, mabomba, kwaya na walevi. Cornelia alimpa Yunusu soda na kumkalisha mbali na chupa za bia ili asijisikie vibaya. Mtu mmoja alianza kucheka, na wengine wakafuata, isipokuwa Cornelia, aliyekuwa anahesabu chupa tupu kwa uso wa huzuni.

Shida, akitaka kumliwaza Yunusu, akasema hata yeye neno hilo linamsumbua kazini, kwa sababu katika elimu ya hewa baa ni kipimo. Akaeleza kwamba hewa ina uzito, inatukandamiza bila sisi kujua, na uzito huo hupimwa kwa baa. Polikarp, aliyependa takwimu, akauliza Mpunde ina baa ngapi.

"Hapa juu haifiki hata moja," alisema Shida.

Mwenyekiti aliumia waziwazi. Alisema kwa heshima zote kwamba wananchi wamefyatua matofali, wamechoma, wameezeka, na si haki mtu kutoka mjini akae ndani ya baa nzima na kusema haifiki moja. Shida alijaribu kufafanua kwamba ni kwa sababu ya mwinuko, na kwamba bondeni, kwa mfano Mtowisa, kipimo kinapanda. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kwamba Mtowisa, kwenye joto na mbu, wana baa zaidi ya Mpunde, lilikuwa jambo ambalo Polikarp aliahidi kulifikisha mkoani.

Flavian alidakia kwamba katika muziki baa ni kile chumba kilichoko baina ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya nota, na kosa kubwa la sauti ya pili ni kuruka baa. Mwimbaji mmoja, mwenye mume pale pembeni mkono kwenye chupa, alisema basi mumewe ni mwanamuziki mkubwa, maana tangu wamehamia hajaruka baa hata siku moja. Zenon, aliyekuwa amekunywa chupa moja na kupata ujasiri, akaeleza kwamba kwa wanasheria baa ni ule ubao unaotenganisha mawakili na watu wengine mahakamani, na kwamba yeye akifaulu mitihani yote ataitwa kwenye baa, yaani atakubaliwa kuwa wakili. Ndiyo shabaha ya masomo yake.

"Miaka mingapi mpaka uitwe?" aliuliza Polikarp.

"Kadhaa bado."

"Pole, mwanangu. Hapa tunaingia bila kuitwa."

Cornelia alisikiliza yote hayo akipita na kitambaa mezani. Kila aliyeeleza alimfanya aone nyumba yake imezidi kuwa kubwa na yeye amezidi kupungua. Alianza jioni akiwa na baa moja, na sasa kulikuwa na ya wadudu, ya hewa, ya nyimbo na ya mahakama, zote chini ya bati lile, na maharage yake bado yanakanyagwa. Akamwambia Flavian kesho yake ashushe kile kibao. Hakutaka neno ambalo kila msomi anakuja nalo la kwake. Watu wakaanza kupendekeza mengine, na Yunusu, aliyekuwa anatafuta namna ya kuomba radhi, akapendekeza KILABU. Alisema mjini hata nyumba za pombe ya kienyeji zinaitwa hivyo na hakuna anayekimbia. Cornelia akalitafakari na kuona ni neno lisilo na historia. Jumatatu likaandikwa, kwa rangi ileile ya buluu. Mzee Leonsi alilisoma, akalisoma tena, akavaa kofia na kupita mbele ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kibao cha zamani. Maharage yakainuka.

Mavuno yakapita, kiangazi kikaingia, vumbi likarudi barabarani. Jumapili moja mchana lori lilisimama mbele ya nyumba likitokea Laela, na wakaruka chini vijana waliovaa jezi nyekundu, na mpira, na refa wao, na filimbi. Nahodha wao akamwamkia Cornelia na kueleza kwamba wamekuwa wakipita hapa kila mara wakaona kibao, lakini hawajawahi kusikia Mpunde wana kilabu, na wameona si vizuri majirani wasicheze mechi ya kirafiki.

Cornelia aliangalia kibao. Akageuka akaangalia ndani, ambako wateja wake wa baada ya misa walikuwa wameketi, wengine wameinamia meza. Angeweza kueleza. Lakini alikumbuka jinsi maelezo yalivyokuwa marefu mara ya mwisho, na wale vijana walikuwa wamekula vumbi njia nzima.

"Timu inapumzika," alisema. "Subirini wavae."

Aliingia ndani, akafunga mlango, akawaeleza wateja wake kwa kifupi na kwa sauti ile ya jikoni kwa mapadre. Aliyebisha aliambiwa kuanzia siku hiyo atakunywa kwao. Wakatoka, wenye viatu na wasio na viatu, makoti ya misa yamevuliwa, suruali zimekunjwa mpaka magotini. Polikarp aliwekwa golini kwa sababu alikuwa mpana. Flavian akapewa kuwa nahodha, akawapanga kama anavyopanga kwaya, sauti ya kwanza mbele, besi nyuma.

Ile haikuwa mechi. Besi walikaa nyuma na kubaki huko, hata mpira ulipokuwa kwao. Mchezaji mmoja alimpa pasi refa, akamshukuru alipoirudisha. Mwingine alikimbia vizuri mno upande wa kulia, akavuka mstari, akavuka barabara, akaonekana akiingia nyumbani kwake. Vijana wa Laela walifunga walivyotaka, kisha wakaona haya, wakaanza kukosa makusudi. Karibu na mwisho mpira ulimgonga Zenon mgongoni, aliyekuwa amerudi likizo, akapitia kwa Cornelia na kuingizwa kikosini, na wakati huo alikuwa anafunga kamba ya kiatu, ukageuka, ukamponyoka golikipa wa Laela na kuingia. Kijiji chote kilikimbilia uwanjani. Na Cornelia, aliyekuwa amesimama kando na ndoo ya maji, aliiweka ndoo chini, akaketi juu ya nyasi, akacheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, kubwa na ya chini, hata Polikarp akaja mbio akidhani kaumwa na siafu.

Baada ya hapo mambo hayakuweza kurudi nyuma. Laela walitaka wapewe nafasi ya kuwakaribisha, vijiji vingine vikasikia, na ilibidi Mpunde wawe na timu ya kweli. Vijana wanaojua mpira walipatikana, Polikarp akaondolewa golini kwa kura. Bia zilipoadimika miaka ile ya vita vya Kagera na mashelfu yakawa matupu, nyumba ya Cornelia iliendelea kujaa kila jioni, watu wakinywa uji wa ulezi na kupanga kikosi. Kata ikamteua kwenye kamati ya michezo, mwanamke pekee. Timu ilipokwenda Sumbawanga kwenye mashindano alikaa kiti cha mbele cha lori, kando ya dereva, na jezi alizozifua mwenyewe akiwa amezipakata.

Sheria za mchezo hakuzijifunza hadi mwisho. Mwaka mmoja refa alikataa bao la Mpunde kwa madai kwamba mchezaji ameotea, na Cornelia akaingia uwanjani taratibu na mwavuli wake, akamwomba amweleze kuotea ni nini. Refa, kijana mstaarabu, akaeleza kwa mikono. Cornelia akasikiliza mpaka mwisho, akamuuliza sasa yule mtoto angesimama wapi, wakati kwingine kote kulikuwa na watu. Refa akaanza kueleza upya kwa mikono, mchezo umesimama, na jua la Ufipa likawa linashuka.